Haina Muwala

Insha thelathini na nane mezani, Langoni,
umeme umekatika tangu magharibi,
nami nasahihisha kwa taa ya simu.
Pambizoni mwa kila ya tatu naandika:
haina muwala.
Kalamu nyekundu imeshayazoea maneno haya,
huyaandika kabla sijamaliza kusoma.

Fumo kaandika ripoti ya visima vitatu vya mtaani kwao.
Asubuhi chumvi kidogo, adhuhuri nyingi, jioni kidogo tena,
siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Siku ya nne mambo yakageuka,
naye akaifuta siku ya nne
ili mstari wake upande na kushuka vizuri.
Naona alama ya ufutio. Karatasi imekonda pale,
inakaribia kutoboka.
Nilipomwuliza alisema: "Mwalimu, ilikuwa inaharibu."

Nuswaiba kaeleza alivyozama karibu na Shela
akaokolewa na mtu asiyemjua.
Kila aya imeshika mkono wa aya iliyotangulia,
"hivyo basi" mahali pake, "hata hivyo" mahali pake.
Nimempa kumi na nane kwa ishirini.
Nuswaiba hajapata kulowa kupita vifundo vya miguu.
Mamake ni jirani yangu.

Chumba cha pili, baba anasema.
Tangu kiharusi cha mwezi wa Rajabu husema usiku kucha,
sentensi safi, kiima na kiarifu,
ngeli zote zinapatana,
na hakuna hata moja inayomjua mwenzake:

"Yua li dirishani."
"Mwambie Athman nusu ratili haitoshi."
"Yana tulikuwa saba."
"Samli imelala nde."
"Moya imepotea. Rudi nyuma."

Miaka arobaini alishona kofia.
Mchoro huzunguka ukanda, alinifundisha,
vitobo unavihesabu, na ukikosa kimoja mwanzoni
hutajua.
Utashona wiki tatu kwa raha zako,
kila ua likisikizana na ua la jirani,
hadi siku ya kuunga ncha na ncha,
ndipo ua la mwisho linakuja nusu.
Kosa haliko pale.
Pale ndipo linaposema tu.

Na akicheka alinisimulia ile kofia ya ujana wake:
mchoro ulifunga barabara, hapana uzi uliozidi,
ila Lamu nzima hakikupatikana kichwa kilichoingia.
Mama anaitumia mpaka leo, kuwekea vifungo.

Nimevuta kiti hadi kitandani kwake.
Nyuma ya insha ya mtu naandika anayoyasema, kwa mpangilio wake,
kwa kalamu ile ile nyekundu.
Athman alikuwa akiuza nyuzi.
Saba ni wale vijana waliojifunza barazani kwetu,
na jua likifika dirishani, sindano huona.
Ni asubuhi moja, basi. Anashona asubuhi moja
na mimi nilikuwa nikisikia vipande vya kitambaa.

Isipokuwa samli.
Samli haiingii popote.
Nimeijaribu kwenye baraza, kwenye duka la Athman,
kwa wale vijana saba, mmoja mmoja.
Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuikata
ndipo nikaikumbuka karatasi iliyokonda.

Kwa Fumo nimeyafuta maneno yangu mawili.
Nimeandika: Irudishe siku ya nne. Kisha tuonane.
Kwa Nuswaiba sijui niandike nini;
kumi na nane bado ni kumi na nane,
nami bado natafuta kichwa cha kuivaa.

Umeme umerudi. Feni inageuza kurasa
na kuzichanganya za huyu na za yule.
"Samli," anasema baba, amenikazia macho,
kama mtu anayengoja jibu
alilokwisha kulihesabu.